Kabichi Iliyovuka Meza

Baba yangu anachoma nyama, nami napima madhara ya nyama iliyochomwa. Tukiketi meza moja, Mama huomba amani kabla ya kunawa mikono.

"Msomi wetu," Baba hunitania, "nyama yangu imemuua nani?"

Nikimweleza kwamba nyama ikibabuka sana huzaa kemikali zinazokwaruza vinasaba, yaani yale maagizo yanayoiambia seli namna ya kuishi, yeye hugeuza nyama na kuwakonyeza wateja. Wote hucheka. Nilitamani siku moja tu aniamini.

Nilipopata kibali cha utafiti wangu sikuwa na mpishi, nikaangukia kwake. Wateja wake wa kila siku walijitolea, tukawagawa meza mbili kwa bahati nasibu. Meza ya kwanza ingekula nyama iliyoungua, na mkate. Meza ya pili ingekula nyama ileile, na mkate, pamoja na kabichi na maziwa ya mgando, vyakula ninavyoamini vinausaidia mwili kuzidhibiti kemikali zile. Kisha ningepima damu yao. Seli ambayo vinasaba vyake vimekatika, ukiipitishia umeme, huburuta mkia chini ya darubini. Niliwatoa hofu: ni wiki chache tu, na uharibifu mdogo mwili huurekebisha wenyewe.

"Mkia ukiniota nitaongezewa nyama?" aliuliza fundi viatu, wa meza ya kwanza.

Siku ya majibu niliikodolea macho darubini hadi shingo ikakakamaa. Seli za meza ya kwanza zilikuwa za mviringo, safi, sawasawa na za meza ya pili. Mkia wa kutafuta kwa tochi. Profesa wangu alivua miwani.

"Ama wazo lako si kweli, ama kuna mtu kakuchezea. Nenda kajue ni lipi, kabla sijaufunga utafiti huu."

Nikaenda moja kwa moja kwa Baba, nimefura hata shikamoo nikaimeza. Alikuwa anasugua wavu wa kuchomea kwa brashi ya waya.

"Baba, meza ya kwanza walikula nini?"

"Nyama na mkate. Si ndivyo ulivyoagiza?"

"Na nini tena?"

Aliendelea kusugua mahali palipokwisha takata. "Na kabichi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mwanangu, kidogo ni kidogo."

"Sahani nzima, dada," alidakia fundi viatu, aliyekuwa anasubiri nyama yake. "Na maziwa juu. Mzee alituziba midomo kwa kipande cha nyongeza."

Hasira zikanipanda. "Umeniharibia kazi yote! Kwa nini, Baba? Kunikomoa?"

Brashi ikatulia. "Nikukomoe? Si wewe uliyesema kabichi inawakinga? Huyu fundi anakula kwangu tangu hujazaliwa. Nijue kinga yake halafu nimnyime, kisa kaketi meza ya kwanza?"

Miaka yote nilidhani natwanga maji kwenye kinu, kumbe aliyeuharibu utafiti wangu kauharibu kwa sababu aliuamini kuliko mtu yeyote. Machozi yalinilenga na kicheko kikanitoka, vyote kwa pamoja.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniamini?"

"Nikikuamini mbele ya wateja, nitauza nini?"

Nilijikaza. "Tutaanza upya. Na safari hii meza ya kwanza hawali kabichi, hata jani."

Alifikiri kidogo. "Basi mtoe fundi viatu. Niweke mimi hapo meza ya kwanza. Moto ni wangu, nyama ni yangu."

Nilifungua mdomo nikubali. Afya yake inafaa, na kwa nyama hakuna anayemshinda. Ni wiki chache tu, mwili huurekebisha wenyewe: maneno hayo niliwaambia watu wazima wenye watoto wao bila kupepesa macho. Kwake sikuweza kuyasema.

"Hapana," nikasema. "Wewe utakaa meza ya pili."

"Kwani watu wanachaguliwa meza? Mlisema ni bahati nasibu."

"Nimesema meza ya pili, Baba. Na kabichi utamaliza."

Akaiweka brashi chini.

"Basi, mwanangu," akasema kwa upole, "tafuta mpishi mwingine. Na mpimaji mwingine."