Kaye za Delphine

Delphine alikuwa wa kwanza darasani miaka yote pale Bukavu, rafiki yake Chancelle wa pili. Nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji ilipotokea, ilikuwa moja tu. Chancelle, ambaye Kifaransa cha kuandika kilimtoa jasho, aliomba msaada wa barua ya maombi. Delphine aliikalia siku mbili, akainyoosha hadi ikapendeza. Ya kwake aliiandika mbiombio siku ya mwisho. Aliyechaguliwa ni Chancelle.

Miaka kumi na mitatu ikapita. Huko Chancelle alianzia kuosha chupa za maabara, akapanda hadi kuongoza kikundi kinachotibu selimundu, ugonjwa ambao Bukavu wanauita SS: wanatoa chembe changa za uboho wa mgonjwa, wanazirekebisha, wanamrudishia. Delphine alibaki na hadubini ya maabara ya hospitali moja ya Kadutu, mtaa wa Bukavu. Kila picha ya Chancelle ilipomfikia kwenye simu alijibu "Félicitations", yaani hongera, kisha chakula kikamshinda.

Mwaka huu Chancelle alirudi kutoa mhadhara. Delphine alikaa nyuma, akasubiri zamu ya maswali.

"Docta, hiyo dawa yako, mutoto wa Kadutu ataipata siku gani?"

Ukumbi ulicheka. Chancelle hakucheka. "Leo hapana. Ndiyo maana nimekuja."

Kesho yake Chancelle alimfuata maabarani. "Delphine, nasikia unaandikaka batoto bote ba SS, miaka kumi na moja sasa. Tunataka kuanza utafiti hapa. Bila zile kaye zako hatuna pa kuanzia."

"Zilioza. Mvua iliingia."

Madaftari hayo yalikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wake. Chancelle alimshika mkono, akampa pole, na pole ile ilimchoma kuliko tusi.

Siku ya tatu mama mmoja wa mtaani, Maman Virginie, alimleta binti yake apimwe. Jibu lilikuwa SS. Delphine akafungua kabati aandike jina, na kabla ya kuufikia ukurasa mtupu akapita majina ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameyawekea msalaba mdogo wa kalamu nyekundu. Alianza kuyahesabu. Alipofika arobaini aliacha.

Jioni alibisha hodi kwa Chancelle, kaye zote ndani ya mfuko wa unga.

"Nilikudanganya. Hazikuguswa na maji."

"Kwa nini?"

"Wivu. Ile barua yako niliandika mimi."

Chancelle alikaa kitini. "Najua. Sikukuambia asante kwa sababu niliogopa utasema nafasi ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu. Sasa sikiliza. Kazi yote ifanyikie hapa Bukavu, na kwenye hati ya utafiti jina langu likae mbele ya lako."

"La mbele ni la kiongozi, Delphine."

"Ndiyo hilo ninaomba."

Uso wa Chancelle ulibadilika, na Delphine aliutambua mwonekano ule, maana alikuwa ameuvaa yeye miaka kumi na mitatu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Chancelle akaandika majina kama alivyotakiwa, kalamu ikienda polepole.

Utafiti ulianza mwezi wa tisa katika vyumba viwili, Delphine akiuongoza. Siku ya safari alimsindikiza Chancelle hadi uwanja wa ndege wa Kavumu. Walikumbatiana kwa kweli. Lakini ndege ilipoinuka, wivu ulimbana vilevile kama zamani, naye hakujifanya kwamba haumbani. Akatafuta gari la kurudi kazini.