Kitambaa Changu na Kinanda cha Kwaya

Nasema ukweli, siku ile nilitaka kumzaba mtu kofi, na mtu mwenyewe ni mwalimu wa kwaya.

Miaka sita ufunguo wa ukumbi wa kanisa letu hapa ughaibuni, mtaa wa St Marys, ninao mimi. Nafagia, nafuta vumbi kinanda cha umeme, kisha nakifunika kitambaa nilichofuma kwa mkono wangu, cha maua, kama tulivyofunika redio nyumbani Tukuyu. Basi kinanda kikaanza ugonjwa. Ukibonyeza sauti moja inavuma tu, haikatiki, zinarundikana kama nyuki. Ludovick, ndiye mwalimu mwenyewe, akanigeukia mbele ya kwaya nzima.

"Mama Dorothea, vitambaa vyako unavitandika vibichi. Maji yameingia. Naomba ufunguo."

"Maji? Mwanangu, kitambaa hicho ni kikavu kuliko koo lako ukiimba."

Watu walicheka, lakini ufunguo nikautoa. Garini, kwa hasira, hata pa kuchomeka mkanda sikupaona. Mjukuu wangu Tumpe, anayefanya kazi ya kompyuta mji wa jirani, Parramatta, akanifungia. Huyu Kiswahili anakisikia, kujibu ni Kiingereza.

"Bibi, relax. We'll test it."

Jumamosi iliyofuata akaja mazoezini na kompyuta yake, akaiunganisha na kinanda kwa waya. Nilitegemea mapicha ya rangi. Wapi! Dirisha jeusi tupu kwenye kioo. Akaandika amri moja, akaniambia nibonyeze. Mstari ukatokea: sauti namba sitini, imebonyezwa. Nikatoa kidole: imeachiwa. Tukapita vibonye vyote, kimoja kimoja, Ludovick amekunja mikono. Vyote vinaachia.

"No water, Uncle," Tumpe akasema.

"Sasa mbona bado kinavuma?" Ludovick akauliza.

Tumpe akakanyaga pedali ya chini, ile ya kurefusha sauti. Dirisha likaandika sifuri, yaani imeachiwa. Akatoa mguu, likaandika mia na ishirini na saba, yaani imekanyagwa. Kinyume kabisa! Akatueleza: kinanda kikiwashwa huiangalia pedali kwanza, na kinavyoikuta ndivyo kinavyodhani imepumzika; ukikiwasha umeikanyaga, kila kitu kinageuka. Akauliza nani hukiwasha.

Wote tunajua. Ludovick hawashi kinanda bila kusali: macho amefumba, mkono kwenye swichi, na kile kiatu chake chenye ncha juu ya pedali kama dereva wa lori.

"Amina," nikasema.

Tumpe akakizima, akakiwasha bila mguu wa mtu. Sauti zikakatika safi.

"Ufunguo, baba."

Ludovick akauweka kiganjani mwangu, akinong'ona samahani.

"Wiki iliyopita hukunong'ona. Sema kwa besi."

Akasema, hadi safu ya nyuma ikasikia. Sikumsamehe papo hapo. Umri wangu huu, siku ya kusamehe nachagua mwenyewe.

Kitambaa kimerudi juu ya kinanda. Na nimefuma kingine kidogo, cha pedali, nikakitia maneno kwa uzi mwekundu: MWALIMU, TOA MGUU TUSALI.