Kuitikia Marahaba

...au ainuke tu, ajifanye anakwenda chooni, avae kandambili zake pale mlangoni na kushika njia ya kurudi nyumbani Majengo, nani atamzuia, Nesi Bupe ameinamia sufuria ya uji na mgongo amewapa, na hawa wengine hata wakimwona akitoka watakuwa wamekwisha kusahau kabla hajafika getini, wazo hilo likamchekesha Mwanaidi na papo hapo likamuuma, maana njia ya Majengo yenyewe anaijua au anadhani anaijua, juzi si alipotea sokoni, soko lile lile alilouza mitumba miaka yote, akasimama katikati ya meza za nyanya kama mgeni aliyeshuka kwenye treni mpaka Joha akatafutwa, Joha mwanawe wa pekee, ndiye aliyemleta hapa kliniki, kwenye kikundi cha walioumia kichwa, asubuhi hii, mama, kaa na wenzio, nitakuja kukuchukua... wenzio! wenziwe akina nani, huyu Cornel aliyeanguka kutoka juu ya nguzo ya simu na tangu waingie anakunja leso na kuikunjua, au bibi huyu mwenye mvi hapa kando yake, Sikudhani, aliyetupwa ukutani na ng'ombe wake mwenyewe, hapana, yeye ni Mwanaidi wa marobota, ruksa ya biashara ilipokuja na nguo za Ulaya zikamwagika nchini ni yeye aliyezifikisha Kondoa, Warangi wa milimani wakavaa makoti ya baridi kwa sababu yake, akipanda juu ya mzigo wa lori, kanga kiunoni, akiwatukana makondakta nao wakimpenda kwa matusi hayo, mpaka lile korongo, karibu na Haneti, lori likaruka na yeye akaruka, lori likashuka na yeye akashukia kichwa. "Ubongo ukiumia, ndugu zangu, jeraha la nje linapona," anasema Nesi Bupe, "lakini la ndani..." la ndani, la ndani, mbona yeye alipona, alirudi mnadani na bandeji yake na watu wakasema Mrangi huyu ana kichwa kigumu, ni baadaye sana ndipo maharage yakaanza kuungua, na bei zikaanza kumponyoka mdomoni, wakasema jini, akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa, wakasema amerogwa na wauza mitumba wenziwe, kisha daktari akasema, tena alimwambia Joha, yeye akiwa amekaa pale pale kama kiti, kwamba kumbukumbu zitaendelea kwenda na hazitarudi. Zitaendelea kwenda. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yeye maiti anaambiwa akae na maiti wenziwe wanywe uji... Na Joha amekwisha kumzika, hilo ndilo lisilosemeka, ile asubuhi ya Ijumaa Joha aliingia na maji ya kuoga, kanga ameifunga kifuani, mwanga wa mlangoni nyuma yake, na Mwanaidi akamwona marehemu mama yake, akapiga goti, shikamoo mama, siku za nyuma akikosea hivyo Joha alikuwa akicheka, kisha akawa akisema mama, ni mimi, ni Joha, lakini Ijumaa hiyo hakucheka wala hakusahihisha, aliweka ndoo chini akasema marahaba mwanangu, umeamkaje, na Mwanaidi akafurahi, ee Mola, alifurahi kama mtoto, mpaka jua lilipopanda na akili ikarudi na aibu ikaja nayo, mtoto aliyemzaa ameipokea shikamoo yake, amechoka naye, amemfuta, tangu siku hiyo hawezi kumtazama usoni, ndiyo, ataondoka, sasa hivi, kandambili ziko pale...

"Shikamoo, bibi." Nani huyo, ni Sikudhani, amegeuka kwenye benchi, ajuza wa watu, anamwamkia yeye anayeweza kuwa binti yake wa mwisho, na macho yake yanangoja, macho ya mtoto aliyetumwa dukani, Mwanaidi akatazama huku na huku, Bupe anakoroga uji, Cornel na leso yake, hakuna wa kusahihisha, kuitikia ni kumkosea adabu mkubwa, kwao Kondoa angechapwa, na kumwambia bibi umekosea mimi ni mdogo ni kumvunja, anajua kunavyovunja, na salamu isiyojibiwa ikining'inia hivi... "Marahaba," akasema, "marahaba, mwanangu." Uso wa bibi ukakunjuka wote. Kumbe ndivyo. Kumbe neno lenyewe ni zito hivi, linapita kooni kama mfupa, na Joha alilipitisha, asubuhi na mapema, mikono ikiwa na maji, hakuwa amechoka naye, alikubali kuwa yatima kwa dakika ile ili mama yake awe na mama. Bibi Sikudhani akapepesa macho, akili ikamrudia, akaziba mdomo kwa kanga. "Yallah, nimekuamkia wewe? Mtoto mdogo hivi?" "Umeniamkia, bibi." "Na ukaitikia?" "Nikaitikia." Bibi akaishusha kanga. "Ahsante. Nyumbani wananicheka."

Nesi anahesabu vikombe, uji bado, na Mwanaidi amesahau kuondoka, au hakusahau, hajui, anachojua ni kwamba lazima amwambie Joha, leo, akija tu, nimejua ulichonifanyia, lakini akijua hilo anajua pia kwamba hadi Joha afike litakuwa limekwenda, kama yalivyokwenda mengine, atamtazama mwanawe kwa kinyongo kile kile asichojua kimetoka wapi, akamshika bibi mkono kwa nguvu, "bibi, nikumbushe nimwambie binti yangu ahsante," na Sikudhani akasema nitakukumbusha, wakatazamana, wakajua wote wawili, hakuna aliyecheka, ila mkono haukuachiwa, na hapo ndipo Mwanaidi alipolia, si kwa ajili yake, yeye ana bibi huyu, ana Cornel, ana nafasi yake kwenye benchi hili la waliopotea, alimlilia Joha, ambaye kila asubuhi anafiwa upya na hakuna anayempa pole.