Nyama Aliyoiacha Nakhumicha

Kabla ya kwenda kulazwa hospitalini, Nakhumicha alipika nyama. Alimjua mumewe. Wesonga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kibuye, geti lake likisimama limesimama, lakini mwache peke yake na sufuria na utamkuta amelala njaa. Basi Nakhumicha akapika nyama nyingi na maharagwe kidogo, akaviacha vipoe, akavigawa katika mikebe ya aiskrimu na kuvipanga kwenye friji yao ndogo, kule juu kwenye barafu.

"Toa mkebe mmoja mmoja," alimwambia. "Itakufikisha mpaka nirudi."

Hakurudi. Uvimbe tumboni ulitolewa, damu ikakataa kukatika, na mwili ukapelekwa Funyula kwa kina Wesonga kuzikwa.

Mambo yote yale yalimpita Wesonga kama matanga ya jirani. Alipoambiwa simama, alisimama. Alipoambiwa tupa udongo, alitupa udongo. Hakulia, na wazee wakamsifu kwamba ana moyo wa kiume. Hawakujua. Mle kifuani hamkuwa na moyo wa kiume wala wa kike. Mlikuwa kimya tu, kama karakana siku ya Jumapili.

Aliporudi nyumbani kwao Nyalenda baada ya zaidi ya wiki, nyumba ilikuwa giza. Tokeni za stima zilikuwa zimeisha wakati hawapo, na lini ziliisha hakuna aliyejua. Alipofungua friji, harufu ilimpiga usoni. Maji yenye mafuta yalikuwa yametiririka hadi sakafuni. Akachukua kitambaa, akapangusa. Akanunua tokeni. Friji ikaanza kunguruma, naye akavuta kiti akakaa akiisikiliza.

Kesho yake mikebe ilikuwa migumu kama mawe. Barafu ilikuwa imerudi, na yeye akachukulia kwamba nyama nayo imerudi.

Jioni hiyo aliutia mkebe wa kwanza kwenye sufuria. Barafu ilipoyeyuka, harufu ikatoka ileile. Wesonga akaongeza moto. Aliuamini moto, maana tangu alipoacha shule ndio uliomlisha. Chuma kilichokataa nyundo hukubali moto. Aliichemsha ile nyama mpaka mchuzi ukabaki kidogo, akaongeza maji, akachemsha tena, akakatia tangawizi. Akala. Ilikuwa na uchachu kwenye ulimi, na nyuma ya uchachu ilikuwa na mkono wa Nakhumicha, kile kitunguu chake alichokiunguza kidogo makusudi.

Usiku wote tumbo lilimsokota. Alitapika, akaendesha, akatapika tena. Lakini hata maumivu yenyewe aliyasikia kwa mbali, kama tumbo ni la mtu mwingine na yeye kaombwa alishikie tu.

Kazini, Dishon, waliyeshirikiana naye mashine, alimtazama. "Wewe fundi, mbona macho yameingia ndani hivyo? Umekula nini?"

"Nyama."

"Nyama ya nani?"

"Ya nyumbani."

Dishon akacheka. "Basi hiyo ng'ombe ilikuwa na kinyongo na wewe."

Wesonga alivaa miwani yake nyeusi, akaendelea kuunga bawaba. Nguvu zilipomrudia akala mkebe wa pili. Huo aliuchemsha muda mrefu zaidi. Ulimwangusha vilevile.

Jumamosi binti yake Naswa akaja kutoka Maseno, anakosoma. Hakuwa na habari ya kukatika kwa stima, kwa maana kutoka mazishini alienda chuoni moja kwa moja. Alipofika mlangoni alimkuta jirani yao Benta, mama wa Calvince, amesimama na karai la samaki mkononi na pua ameifunika kwa kanga. Benta alikaanga samaki kando ya barabara, na pua yake haikuwa pua ya kutishwa na kitu kidogo.

"Afadhali umekuja," Benta alisema. "Ingia umwambie babako. Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Ndani, Wesonga alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko. Mkebe wa tatu ulikuwa unachemka. Shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

"Baba, hiyo nini inanuka?"

"Chakula. Karibu."

"Kimeoza."

"Kilikuwa kimeanza kuharibika. Sasa kinachemka."

Benta aliingia bila kukaribishwa, kama ilivyo kawaida ya majirani waliozoeana. "Baba Naswa, mimi nakaanga samaki tangu nikiwa msichana. Mafuta yangu ni moto kuliko hiyo sufuria yako. Samaki aliyeoza, ukimkaanga, unapata samaki aliyeoza amekaangwa. Hakuna kingine unapata."

"Moto unaua wadudu," Wesonga alisema.

"Unaua, sijakataa. Lakini hao wadudu wamekaa humo siku ngapi wakila na kunya? Umewaua, sawa. Mavi yao umeyapeleka wapi? Sumu haina roho, jamani yawa, utaiua namna gani?"

"Mamangu alikuwa anachemsha nyama asubuhi na jioni. Wiki nzima. Friji hatukuwa nayo na hakuna aliyekufa."

"Mamako alikuwa anachemsha nyama nzima," Benta alisema. "Alikuwa anauwahi uozo. Wewe uozo umefika, umekaa, umevua viatu, ndio unaleta moto."

Naswa hakucheka. Alifungua friji, akahesabu mikebe kwa macho. Kwenye kifuniko cha kila mmoja mamake alikuwa amebandika kipande cha plasta, ili babake aone kwa urahisi ipi ni nyama na ipi ni maharagwe. Akaufunga mlango polepole.

"Hiki umekula mara ngapi?"

Wesonga aliongeza maji sufuriani.

"Mara mbili," Benta alijibu. "Choo chetu ni kimoja. Hatufichani."

"Na ukaumwa?"

"Kidogo," alisema baba.

"Na bado unapika."

Alikoroga. Hakuwa na hasira na hawa wanawake. Alitamani tu wamwache amalize. Mikebe ikiwepo bado kuna jambo la kufanya jioni: kutoa, kuchemsha, kula. Ikiisha hakujua jioni atafanya nini. Lakini hilo halikuwa jambo la kumwambia mtu, na hata angetaka, asingejua pa kulianzia.

Wapwani wana neno lao, kwamba la kuvunda halina ubani. Naswa hakulisema. Alivua begi, akanawa mikono, akatwaa sahani mbili kabatini. Moja akaiweka mbele ya babake. Nyingine akaishika yeye mwenyewe, akaketi kwenye kigoda, akainyoosha.

"Nipakulie."

Benta alifungua mdomo. Naswa akamkazia macho, naye Benta akaufunga.

"Wewe umetoka safari," Wesonga alisema. "Nenda ukanunue chapati pale nje."

"Kwa nini ninunue na chakula kipo? Si umesema kimechemka?"

"Kimechemka."

"Basi nipakulie, Baba. Ni mamangu alipika. Mimi sina haki?"

Wesonga alichota. Upawa ulitoka na vipande vitatu na mchuzi wa kahawia, mvuke ukipanda. Kwa macho kilikuwa chakula kizuri. Aliupeleka mpaka juu ya sahani ya binti yake, na mkono ukasimama hapo. Alijaribu kuuinamisha. Kila kilichokuwa kimekaa mbali naye tangu mazishini, ile njia ya kwenda chooni kwa magoti, ule ubaridi wa mgongo, sasa alikiona karibu, na aliyekuwa akipiga magoti si yeye bali Naswa. Mchuzi ukadondoka tone moja ukingoni mwa sahani. Haraka akalipangusa kwa kidole gumba, kisha akakisugua kidole kwenye suruali, akasugua tena.

Akaurudisha upawa kwenye sufuria.

"Wewe usile," alisema.

"Na wewe?"

Wesonga aliiepua sufuria. "Benta, una ndoo?"

Walimwaga vyote kwenye choo cha shimo, hata maharagwe. Wesonga hakutaka kusaidiwa. Alibandua plasta na kugonga mkebe mmoja mmoja ukingoni mwa shimo mpaka ile barafu ikaachia na kuanguka kwa kishindo. Benta akashauri mikebe ioshwe kwa maji moto na sabuni. Naswa akasema itupwe. Ikatupwa. Hakuna aliyesema neno la kufariji, na Wesonga alishukuru kwa hilo. Mle kifuani bado mlikuwa kimya. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alihisi njaa, njaa ya kweli, ya mtu ambaye kwa siku kadhaa hakubaki na kitu tumboni.

"Tutakula nini?" aliuliza.

"Nenda dukani ulete mayai," Naswa alisema. "Mimi nasonga ugali."

Duka lilikuwa kwenye kona, la kijana mmoja mnene aliyekuwa akitazama mpira kwenye simu. Wesonga alikuwa akipita hapo kila siku na hakuwahi kununua hata chumvi.

"Mayai," alisema.

"Mangapi, mzee?"

Wesonga alifikiri. Hilo hakulijua. Mayai yalikuwa yakija mezani yakiwa tayari yameiva, nusu yake yana nyanya.

"Ya watu wawili."

Kijana akainua macho kutoka kwenye simu. "Watu wawili wa namna gani?"

"Wanaokula," alisema Wesonga, na akasubiri ahesabiwe.