Kadi Mahali pa Faili

Mtaani walimwita wifi yake Spika, na jina hilo lilimkera karani wa masijala kama changarawe ndani ya kiatu. Spika alikuwa msusi. Vidole vilisuka, mdomo ulisuka, na hadi kichwa cha mteja kiishe, mambo ya mtaa mzima yalikuwa yameshajadiliwa na kupitishwa. Sasa alikuwa amepata hoja ya kumfaa. Halmashauri ilikuwa imezungushia mabati uwanja wa watoto, ikidai pale siku zote palikuwa pa kuegesha magari. Spika naye alisikia redioni kwamba sheria inampa mwananchi haki ya kusoma kumbukumbu za vikao vya halmashauri.

"Kikao kilichotenga uwanja kiliandikwa," alisema Jumapili nyumbani kwa mama yake. "Jumamosi diwani anakuja barazani. Nitamsomea maandishi yao wenyewe. Tukienda mikono mitupu, mabati yale hayatoki ng'o."

"Huyu ndiye mwanangu," alisema mama mkwe. "Kichwa ni cha baba yake kabisa."

"Dada ana akili," mume wa karani akaongeza, huku akijipakulia mchuzi aliopika mkewe.

Karani aliendelea kutafuna. Miaka yote kumbukumbu hizo alizipanga yeye, akazipangusa yeye, akazishona upya majalada yalipochanika. Hakuna aliyewahi kumuuliza kazi ikoje, isipokuwa mama mkwe, aliyependa kuuliza kama vumbi limepungua. Leo msusi kasikia redio, kawa mwanasheria.

"Wifi, si unakaa humo humo?" Spika akamgeukia. "Utanisaidia."

"Lete ombi kwa maandishi. Kama watu wote."

"Hata mimi?"

"Kwani wewe una pembe?"

Wakacheka, na Spika akacheka kuwashinda wote. Hilo nalo lilimuuma karani. Mtu huyu hata kuchomwa mwiba alijua kuchomwa vizuri.

Alhamisi Spika alileta ombi lake, limeandikwa sawasawa, na mkuu wa masijala akaligonga muhuri. Karani aliingia katikati ya rafu na kulitoa faili bila kutafuta. Muhtasari ulikuwemo, umesema wazi: uwanja wa kudumu wa watoto. Alimkumbuka kitindamimba wake, ambaye tangu mabati yawekwe alikuwa akipiga mpira kwenye ukuta wa jiko mpaka sufuria zinalia. Kisha akaiona Jumamosi: Spika amesimama mbele, mama mkwe kiti cha kwanza, mumewe akiwaambia majirani yule ni dada yangu. Kijiba cha roho kikamkaba. Faili akalitia kwenye droo ya meza yake, akafunga kwa ufunguo.

"Halipo," alisema dirishani. "Limetoka."

"Limetoka kwenda wapi?"

"Likirudi utaitwa."

Spika aliondoka mikono mitupu. Karani akaona utamu, lakini wa pipi: ulikwisha kabla hajafika kituo cha basi. Jioni kitindamimba akamwambia, "Shangazi amesema Jumamosi tunarudi uwanjani."

"Kula," alisema mama yake.

Ijumaa asubuhi Spika alirudi. Mara hii alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa masijala, ambaye alimsikiliza, kisha akamwita karani.

"Mwombaji ana haki ya kujua nani analo," alisema. "Mpeleke rafuni akaione kadi."

Hapo ndipo karani alipoikumbuka kadi. Masijala ile ilikuwa na mwiko mmoja: faili halitoki mahali pake bila kuacha kadi yenye jina la aliyelichukua. Yeye ndiye aliyeusimamia mwiko huo. Alishawahi kumkimbiza mkurugenzi ukumbini kwa ajili ya kadi. Na jana, moyo ukiwa unaiba, mkono ulijaza kadi kwa mazoea, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Spika aliichomoa. Akasoma. Akasoma tena.

"Wifi, hili ni jina lako."

"Nalijua jina langu."

"Umelificha?"

Karani alitafuta uongo, akakuta mwandiko wake mwenyewe unamtazama, mzuri, umenyooka. "Wangekupigia makofi," alisema.

Spika aliishusha kadi. "Ulitaka kusoma wewe?"

"Mimi mbele za watu nasahau hata kumeza mate."

"Sasa si ungesema, mwanamke wewe. Kalilete."

"Nani analo?" mkuu aliuliza kutoka mezani kwake.

"Limepatikana, mzee," Spika akajibu. "Wifi alikuwa analiandaa."

Jumamosi Spika alisoma, na diwani akaomba kuiona nakala. Aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, mwisho akasema mabati yataondolewa. Watu wakauliza lini. Akasema wiki ijayo. Wakauliza siku gani. Akasema Jumatatu.

Makofi yalipoanza, Spika aliinua mkono. "Msinipigie mimi. Aliyeitunza karatasi hii miaka yote, na akanitolea, ni wifi yangu. Yule pale."

Mama mkwe ndiye aliyesimama wa kwanza. Karani naye akasimama, kwa kuwa hakuna pa kujificha, akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kitindamimba alikuwa akirukaruka. Makofi aliyoyaonea wivu wiki nzima yalikuwa yake, na hayakushuka kooni. Spika alimshinda mdomo, akamshinda akili, sasa alikuwa amemshinda na moyo, tena hadharani.

Njiani Spika alimfikia. "Wifi, Jumatatu nije tulitazame na lile faili la taa za barabarani?"

"Lete ombi kwa maandishi."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe," alisema karani, akaongeza mwendo.