Upepo Kwenye Breki

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Bernadina alivaa ovaroli la mume wake, akalikunja mikono, akatandika gunia la mbolea chini ya pikapu na kulala chali karibu na gurudumu la nyuma la kushoto. Mkononi alikuwa na spana namba kumi. Ubavuni pake palikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya breki kidogo, na mpira wa dripu aliopewa na nesi wa zahanati, mpira mwembamba unaoonyesha, ili aone upepo unavyotoka. Baba mkwe wake, Mzee Mabula, alisubiri mpaka mkwe ajilaze vizuri, ndipo akazunguka kwa mbele, akapanda kwenye kiti cha dereva na kukaza macho kwenye ukuta wa jirani. Haikuwa heshima kumtazama mke wa mwanawe akiwa amelala chini, hata kama amelala kwa ajili ya breki.

Pikapu yenyewe ilikuwa Ford ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, iliyobeba pamba miaka mingi kwa familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi pale Shinyanga mpaka wao wenyewe wakaichoka. Donatus aliinunua kwa mapenzi tu, maana akili haikuhusika. Breki zake zilikuwa za fito za chuma: ukikanyaga, fito zinavutana mpaka nyuma, na gari linasimama likipenda. Donatus akaapa kulifungia breki za mafuta. Alitoa silinda kwenye Land Rover iliyokufa, akazifunga kwenye magurudumu yote manne, akapindisha mabomba ya shaba kwa goti lake hapohapo uani kwao Kambarage, na chini ya sakafu akaweka silinda kubwa inayosukuma mafuta. Ikabaki mipira ya ndani ya silinda, na kutoa upepo, maana mabomba yakiwa na hewa breki hazishiki. Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. "Nikirudi tunamalizia, mimi na wewe," alimwambia mkewe, akaenda machimboni upande wa Geita, kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la mtu aitwaye Bartholomeo.

Masika ya mwaka huo wa tisini na tatu duara likatitia. Bartholomeo alikuja Kambarage mwenyewe kwa pikipiki kueleza. Alikula ugali, akanawa, akasema namshukuru Mungu shimo lilikuwa tupu. Donatus na wenzake wawili, Ngassa na Marselino, walishaondoka siku mbili kabla, na huyo Donatus, samahani Mama Hosiana, ameonekana Kahama na mwanamke. Duara limefukiwa kwa ajili ya usalama. Jingine limeshafunguliwa pembeni yake.

Tangu siku hiyo Bernadina hakuwa mjane wala hakuwa mke. Alimtamani mume wake mpaka akiokota shati lake kwenye kamba anakaa nalo mapajani bila kulikunja. Kuna siku aliomba kweli awe Kahama na huyo mwanamke, ale, ashibe, anenepe, mradi yupo juu ya ardhi. Kuna siku nyingine wivu ulimshika, akaomba kinyume chake, halafu akajionea aibu mpaka jioni. Alichokitaka kilikuwa kimoja: kwenda kumchukua, awe hai awe maiti, amlete nyumbani. Basi la Kahama lilikuwepo, lakini basi halimsubiri mtu achimbe. Pikapu ingesubiri, kama ingeweza kusimama. Kwa hiyo akampeleka mtoto wao Hosiana kwa shangazi yake Mhunze, akaenda dukani kwa Mohamedali kununua mipira ya silinda, akaifunga kama alivyowahi kumwona Donatus akifunga.

"Baba, naomba ukanyage," alisema kutoka chini. "Tena. Tena. Naomba ushike hapohapo."

"Nimeshika, mayu," alijibu mzee, akimwita mama kwa Kisukuma.

Alilegeza skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakapita kwenye mpira wa dripu yakiwa na mapovu, mapovu yakaingia kwenye chupa, na la kwanza lilipopasuka likatoa kikohozi.

Bernadina akakaza skrubu. "Baba, naomba uachie."

Mzee Mabula aliachia pedali. "Huyo ni Donatus," alisema, bado akitazama ukuta. "Anakohoa hivyo tangu utotoni. Mama yake alimpa dawa mpaka akachoka."

Wakaendelea, maana mafuta yalikuwa yameshamiminwa. Povu la pili lilikuwa na Marselino, akiuliza kama mvua imekatika. Bernadina alisogeza mdomo kwenye mpira akamjibu kwamba ilikatika, na kwamba sasa ni kiangazi na mtama umeshavunwa. Povu lililofuata lilikuwa la Donatus.

"Mama Hosiana, mipira umenunua ya Land Rover au ya Peugeot?"

"Ya Land Rover."

"Umeilowesha mafuta kabla ya kuifunga?"

"Nimeilowesha."

"Basi vizuri."

Machozi yalimtoka yakamwingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Mume wake hakuwa Kahama. Alifurahi kwamba hakuwa Kahama, na furaha hiyo ilimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kukisikia mwilini. Akamwambia kwamba Hosiana ameota meno mapya ya mbele. Akamwambia mbuzi mweupe amezaa. Kila neno lilikuwa na povu lake, na kila povu alilifungulia kwa mkono wake, akiomba baba akanyage, akiomba baba ashike, mpaka gurudumu lile likatoa mafuta matupu. Wakahamia la nyuma la kulia. Hapo Donatus akasimulia jinsi matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo, yalivyovunjika, jinsi walivyopata upenyo kwenye njia ya pembeni, na jinsi siku ya pili walivyosikia trekta juu yao likisukuma udongo. Walipiga kelele. Dereva alizima injini, akasikiliza, na wakaisikia sauti ya Bartholomeo ikimwambia awashe.

"Pedali inaanza kuwa ngumu," alisema Mzee Mabula. "Breki zinakuja."

Kwenye gurudumu la tatu, la mbele kushoto, mapovu yalikuwa madogo na maneno yalikuwa mafupi. Ngassa alisema anasikia usingizi. Marselino hakusema kitu. Bernadina alikuwa amefungua skrubu kwa mara ya nne au ya tano Donatus alipomwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Hosiana azaliwe.

"Bernadina. Funga."

Akafunga.

"Hewa mnayoitoa ndiyo tunayopumua."

Bernadina alibaki na spana mkononi. Alikuwa ameumaliza mchana mzima akiitumia hewa ya mume wake kumweleza habari za mbuzi. Juu, kwenye kiti cha dereva, Mzee Mabula naye alikuwa amesikia, na mguu wake ulikuwa bado umekandamiza pedali kwa sababu hakuna aliyemwomba aachie.

"Mafundi wanakataza kitu kimoja," mzee alisema hatimaye. "Ukiachia pedali kabla skrubu haijafungwa, bomba linavuta upepo na kazi yote inaharibika."

"Ndiyo, baba."

"Basi fungua, mayu. Tuharibu."

Alifungua. Mzee aliachia pedali polepole, na mpira wa dripu, aliouchomoa kwenye chupa na kuuning'iniza hewani, ukavuta kwa mlio mdogo. Akakanyaga, ukatoa hewa nzito yenye harufu ya udongo na jasho la wanaume. Akaachia, ukavuta ile ya Kambarage, yenye moshi wa maandazi ya jirani. Walifanya hivyo mpaka Ngassa akapiga chafya na kusema wabeja, asante ya kwao.

Jumatatu Bernadina alikwenda ofisi inayohusika na machimbo. Hakuna aliyemwita mwongo. Afisa alikuja kusikiliza siku ya Alhamisi, akiwa amepewa lifti na Bartholomeo. Aliweka kofia yake juu ya boneti, akachuchumaa, akashika mpira sikioni.

"Mko wangapi huko?"

"Watatu," alisema Marselino.

Afisa aliitikia kwa kichwa, akasimama, akajifuta magoti. Alimweleza Bernadina kwamba ni kweli wapo, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba mkubwa wake alishatia saini kuwa duara lilikuwa tupu, na wakifukuliwa watu hapo, mkubwa ataonekana amesema uongo. Bartholomeo naye aliinama.

"Ngassa, hujambo?"

"Sijambo, bosi."

"Poleni na kazi."

Halafu akamgeukia Bernadina. Alisema duara jipya limeegemea ukuta wa lile la zamani, ukigusa huku kunamwagika kule, na kule sasa kuna vijana wengi wenye wake zao. Alisema kwa upole, na huenda aliamini anachosema. Dhahabu ilikuwa imepatikana. Aliacha mfuko wa sukari kwenye ngazi, na Bernadina akautupa nje ya ua kabla pikipiki haijakata kona. Majirani waliuokota.

Basi ikawa ndiyo kazi yao ya kila alasiri. Mzee alikanyaga na kuachia, Bernadina akalala kwenye gunia na kuzungumza. Ilipotimia zamu yake ya kusikiliza, Donatus alimweleza ndoto zake, na zote zilikuwa za barabara. Alitaka kujua breki zimefikia wapi. Alikuwa na maelekezo mengi kuhusu breki, na Bernadina aliyasikiliza yote kama mwanamke anayesomewa barua ya mapenzi, maana ndivyo yalivyokuwa.

Mzee Mabula alifariki mwaka wa tatu, kitandani, akiwa na hewa yote aliyoihitaji. Donatus alipoambiwa, jirani akikanyaga pedali siku hiyo moja, aliomba baba yake azikwe Mhunze karibu na mama. Wakamzika huko, kwenye kaburi lenye jina.

Baada ya msiba Bernadina alirudi Kambarage, akatazama gari. Kutoa upepo kunataka watu wawili. Kuuingiza kunamtosha mmoja: unafungua skrubu, unaiacha wazi, unapanda unakanyaga. Ila sauti hutokea chini, kwenye gurudumu, na ukiwa juu kwenye kiti cha dereva husikii kitu. Alijaribu kukanyaga na kukimbilia kusikiliza, lakini kila alipofika chini maneno yalikuwa yameshatoka na kupotea. Ilimbidi achague, akachagua pedali. Kila alasiri alikaa peke yake akiutazama ukuta uleule, mguu ukishuka na kupanda, na mita mbili kutoka hapo mume wake akizungumza na gunia.

Bartholomeo sasa alikuwa na pikapu mpya, nyeupe. Akipita Kambarage alikuwa anasimama mbele ya ua kumsalimia Mama Hosiana, na breki zake zilishika mara moja bila sauti.

Desemba, shule zilipofungwa, Hosiana alikuja. Aliamkia, akala, kisha bila kuambiwa akalala kwenye gunia na kuweka mpira sikioni. Mama yake alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, akijizuia kuuliza. Mwaka mzima alikuwa amengoja kuuliza.

"Anasemaje?"

"Anasema shikamoo yangu ameipokea. Anauliza umekula?"

"Mwambie nimekula."

Mtoto alisema kwenye mpira, akasikiliza tena.

"Anauliza breki zimeshika? Anasema zikishika uje umchukue."

Bernadina aliutazama ukuta wa jirani. Chini ya mguu wake pedali ilikuwa laini, imejaa upepo, kama alivyoiacha jana na juzi.

"Mwambie bado," alisema, akaiachia polepole, ipande mpaka juu.