Miguu ya Mwalimu

Walipofika tu ugenini, yeye na mumewe, Sista, nesi wa mkataba, alipewa karatasi ya kusaini. Hospitali iliwapa wageni wote karatasi hiyo: mwanamke ajisitiri kichwa na mwili, mwanamume avae nguo inayofika vifundoni, na mwenye mkataba atawajibika kwa mwenendo wa jamaa zake, malalamiko matatu mkataba unavunjika. Sista hakuona ugumu wowote. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, ndivyo alivyolelewa. Jioni ileile alinunua mabaibui mawili na mitandio mitatu, akajitazama kwenye kioo, akacheka. "Mwalimu, leo umeoa upya!"

Mumewe naye alicheka. Alikuwa mwalimu wa michezo, na jina hilo lilimganda hata baada ya figo kumwangusha na kumtoa kazini. Hakuja huku kutalii. Alifuata mashine. Mkataba wa unesi wa mkewe ndio uliomruhusu kulazwa mara tatu kwa wiki, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Kwao mashine zilikuwa mbili kwa mkoa mzima, na watu walikufa wangali kwenye foleni. Mkataba ukikatika, Mwalimu kwisha. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelitaja.

Sasa hiyo miguu. Ilivimba, halafu ngozi ikaanza kuwasha kama imepakwa upupu, akajikuna hadi ikatoka vidonda. Suruali iligandia vidondani, na kuivua ilikuwa kilio. Hata pajama pana ilimtesa, na kikoi kilimgandia vilevile. Basi akarudia kaptula zake za uwanjani. Na daktari alikuwa amemwamuru atembee kila siku, kwa hiyo kila asubuhi Mwalimu alishuka ngazi, magoti nje, akapita mbele ya mlango wa mwenye nyumba, mzee mwenye mabinti wanne, akaenda hadi dukani na kurudi.

"Mume wangu, watu wanageuza nyuso," Sista alimwambia.

"Wacha wageuze. Nitembee, nisitembee?"

"Basi nishuke nikamweleze mzee wa chini kwamba unaumwa."

"Thubutu! Niwe hadithi ya ngazini? Mimi nimefundisha watu kukimbia, bwana. Usimwambie mtu."

Na Sista, mwanamke aliyewafokea madaktari wodini bila kupepesa, akanywea. Jamani, mapenzi nayo yana ujinga wake! Mficha maradhi kifo humuumbua, na kila nesi duniani anaijua methali hiyo, ila ugonjwa ukiingia nyumbani kwake mwenyewe anaisahau.

Wanaume wa mtaa ule walivaa kanzu, nguo pana, nyepesi, isiyombana mtu popote. Sista alizitazama kwa uchu. Lakini karatasi, alivyoikumbuka, ilisema mgeni mwanamume asivae vazi la wenyeji. Alikuwa ameisoma mara moja tu, mbio mbio, ametoka safari, macho mazito kwa usingizi.

"Wataona tunaidhihaki dini yao," alisema.

"Hapo umenena. Heshima ni heshima," Mwalimu akakubali.

Ndivyo watu wazima wawili, wenye akili timamu, kwa kuogopa kulivunjia heshima vazi la watu, walivyoacha magoti yakatembea wazi mtaani miezi minane.

Barua ya kwanza ya malalamiko ilifika hospitali mwezi wa tano wa kaptula hizo. Ofisi ilimpa Sista fomu: je, kuna sababu yoyote ya mumewe kuvaa hivyo? Aliona aibu. Akaandika, "Hakuna. Tutajirekebisha." Ya pili ilipokuja, akaandika vilevile.

Halafu asubuhi moja mwenye nyumba alipanda mwenyewe, akagonga mlango. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kugombana. Mwalimu alikuwa kitini, miguu juu ya stuli, Sista amepiga magoti akimbadilishia bendeji. Mzee aliiona ile miguu, na ugomvi wote ukamtoka.

"Hii nini, mwanangu?"

"Figo, mzee," Mwalimu alijibu akitazama sakafu. "Nguo haivumiliki."

"Miezi yote hii unapita mlangoni kwangu, nami nageukia ukuta nisikuone! Nilidhani ni dharau. Mungu anisamehe. Mbona hamkusema, lakini?"

Hakungoja jibu. Alishuka, akarudi akihema, na kanzu tatu mkononi.

"Haturuhusiwi, baba," Sista alisema. "Karatasi imekataza."

"Karatasi gani? Ilete."

Akaileta. Mzee akapitisha kidole kwenye mstari, polepole. "Mgeni mwanamume asivae vazi la wenyeji kwa mzaha. Kwa mzaha, binti yangu. Huyu ana mzaha gani?"

Sista aliisoma tena, na tena. Mwalimu alikuwa ameshavaa. Alisimama, akapiga hatua tatu, akageuka, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Haigusi! Mke wangu, haigusi popote! Ngoja nishuke nikawasalimie watu."

Alipotoka, mzee alibaki amesimama mlangoni. "Binti yangu," alisema, "barua ya tatu nimeipeleka wiki iliyopita."

Sista na mzee walikwenda hospitali pamoja, mzee mbele, fimbo ikigonga lami. Aliomba arudishiwe barua yake. Aliomba mara ya pili, mtu mzima yule. Katibu wa ajira alimsikiliza kwa adabu, kisha akafungua faili.

"Nafasi imeshajazwa, mzee wangu. Nesi mpya yuko njiani. Sista, faili za wagonjwa hazifiki ofisini kwangu, ndiyo maana tulikuuliza mara mbili kama kuna sababu. Ungeandika mstari mmoja tu."

Akampa bahasha. Siku kumi na nne, kisha vibali vyote viwili vya ukaazi, wake na wa mumewe, vinakoma.

Waliporudi, Mwalimu alikuwa dukani amezungukwa na wanaume wa mtaa. Mmoja alikuwa akimfundisha namna ya kupandisha kanzu kidogo anapopanda ngazi, wote wakicheka. Miezi minane hakuna aliyewahi kumpa mkono, na leo walikuwa wakigombea zamu. Sista alimwacha afurahi. Alimfuata nyuma ngazini, akamsubiri aketi, apumzike, anywe maji yake machache ya kupimiwa. Ndipo akamwambia. Hakuficha neno hata moja, safari hii.

Mwalimu alilaza kanzu juu ya magoti, akiinyoosha kwa viganja, mkunjo baada ya mkunjo.

"Zimebaki mara ngapi za mashine?"

"Sita."

"Na ya leo imo?"

"Imo."

Zamu yake ilikuwa saa nane. Sista alimpa mkono akainuka, wakashuka ngazi kwenda hospitali.